Nusu ya Upanga

SEHEMU YA KWANZA

Robota la mitumba lilikatwa saa mbili asubuhi. Kufikia saa nne, kila kilichokuwa na magurudumu kilikuwa kimekwenda: malori ya plastiki, pikipiki zisizo na mipira, hata kigari cha mwanasesere kilichokosa mwanasesere. Watoto wa Bulla Pesa hawana mchezo na magurudumu. Waliobaki kwenye turubai walikuwa dubu wa manyoya, vipande vya michezo isiyojulikana, na yule mtu wa bluu.

Hakuna aliyemtaka. Alikuwa na urefu wa kiganja, kifua kama cha mbeba magunia wa sokoni, magoti yamekunjwa tayari kwa vita, na penye uso palikuwa na fuvu la manjano. Mama mmoja alimwokota, akamgeuza, akamtupa.

“Audhubillahi! Siku hizi unauza majini?”

“Ni plastiki hiyo, mama. Mia mbili. Kwako mia na hamsini.”

“Hata ukinilipa hakilali nyumbani kwangu.”

Ng'ambo ya barabara, juu ya ngazi, Sadia alikuwa akimalizia herufi ya mwisho ya bango la duka la dawa. Alisikia vicheko, akageuka, akamwona mtu wa bluu amelala kifudifudi katikati ya turubai. Alishuka na brashi mkononi.

Niwaambie kidogo kuhusu Sadia. Ukipita Isiolo, kuanzia Kambi Garba hadi Kulamawe, unausoma mkono wake bila kujua: bei ya maziwa ya ngamia, kichwa cha kinyozi kisicho na shingo, simba wa gereji anayecheka. Hakuna hata kimoja chenye jina lake. Mchoraji wa mabango akitia sahihi, mwenye duka humuuliza anatangaza biashara ya nani. Ndiyo desturi, na Sadia alikwisha kuizoea, au ndivyo alivyojiambia.

“Abti, huyu bei gani?”

“Kwako bure, abti,” mjomba wake alijibu, akimwita mpwa kwa jina lile lile kama wafanyavyo Wasomali. “Niondolee kabla hajanifukuzia wateja.”

Sadia alipomzungusha mtu wa bluu kiuno na kumwachia, kiwiliwili kilirudi kwa kishindo na ngumi ikakata hewa. Springi ya ndani ilikuwa bado hai. Mgongoni palikuwa na maandishi madogo: Mattel Inc., 1981, Taiwan. Mkononi alishika upanga wa zambarau, upande mmoja una nakshi, upande wa pili ni bapa tupu.

“Huu ni nusu,” Sadia alisema.

“Nusu ya pili itakuwa imebaki Gikomba.” Abti alikuwa akihesabu noti. Bila kuinua macho, akachomoa kipande cha kadibodi kutoka chini ya turubai. “Na hiki pia kilikuwa humo humo. Wewe ndiye mtu wa makaratasi.”

Juu ya kadibodi palikuwa pamebandikwa mchoro. Mwanamume amesimama ametanua miguu, shoka mkono wa kulia, ngao mkono wa kushoto, upanga begani. Kichwani ana kofia ya chuma yenye pembe mbili, na katikati ya paji la uso kuna kitu cha tatu, kifupi, butu, ambacho Sadia alikichukulia kuwa pembe iliyovunjika. Ilitangulia penseli, ikafuata kalamu ya wino wa bluu. Bega la kushoto lilikuwa limefutwa na kuchorwa upya hadi karatasi ikaota manyoya. Hakuna jina.

Sadia aliliangalia bega lile kwa muda mrefu kuliko alivyouangalia uso.

Jioni aliupiga mchoro picha, akamtumia Abdi, binamu yake anayefanya kazi kwenye ghala huko Minneapolis, na ambaye mshahara wake, kwa mujibu wa mama yake mzazi, huishia kwenye kabati la kioo lililojaa midoli ya plastiki. Simu iliita saa saba usiku.

“Sadia, umemwonyesha nani mwingine?”

“Salamu kwanza, walaal.”

“Salaam aleikum. Umemwonyesha nani?”

“Hakuna. Kwani kuna nini?”

“Huyo wa bluu anaitwa Skeletor. Yeye si kitu, waliuzwa kwa mamilioni, mimi mwenyewe ninao wanne. Karatasi ndiyo inayonitoa jasho.”

Abdi akianza habari za midoli hashikiki, kwa hiyo Sadia alijifunika shuka na kumwacha aseme. Mwaka 1976, kampuni ya Mattel ya California iliikataa nafasi ya kutengeneza midoli ya filamu ya Star Wars. Kenner wakaichukua, filamu ikatoka 1977, na Mattel wakabaki kuwatazama wenzao wakivuna. Ndipo wakatafuta shujaa wa kwao, ambaye hawangelazimika kumlipa mwenye filamu hata senti moja.

“Sasa ugomvi uko hapa,” Abdi alisema. “Kulikuwa na mchoraji wa kampuni, Mark Taylor. Mwaka 1979 alikuwa tayari amemchora shujaa wa kale mwenye misuli, akamwita Torak. Na kulikuwa na mbunifu mwenzake, Roger Sweet. Huyu, mwishoni mwa 1980, alichukua midoli ya zamani ya Big Jim, akaiongeza misuli kwa udongo, akawapelekea wakubwa mashujaa watatu: mmoja wa zama za upanga, mmoja askari, mmoja wa anga za juu. Wa upanga akashinda. Ndiye He-Man, akaingia madukani 1982. Sweet aliandika kitabu kizima kusema wazo ni lake. Taylor akasema michoro yake ndiyo iliyotangulia. Taylor alifariki 2021, na mpaka leo sisi wakusanyaji tukikutana tunagombana.”

“Na pesa ilikwenda kwa nani?”

“Kwa kampuni. Wote wawili walikuwa wa mshahara.”

“Kama mimi na mabango yangu.”

“Mabango yako hayajauza dola milioni 400 kwa mwaka. Hawa waliuza, 1986, Marekani peke yake. Mwaka uliofuata wakaporomoka hadi milioni 7, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.”

Sadia alimtazama mtu wa bluu aliyesimama dirishani. “Na huyu mwenye fuvu alitoka wapi?”

Abdi alicheka. Huko Long Beach, alisema, palikuwa na viwanja vya starehe karibu na bahari, na ndani ya chumba cha kutishia watu paling'inia maiti ya sanamu. Mark Taylor alisimulia kwamba aliiona utotoni, na moyo wake ukakataa kuwa ni sanamu. Mwaka 1976 watu wa televisheni walikwenda kupiga filamu pale, wakaisogeza, mkono ukakatika, na ndani ukaonekana mfupa wa binadamu. Alikuwa Elmer McCurdy, mwizi wa garimoshi aliyeuawa kwa risasi Oklahoma mwaka 1911, akapakwa dawa asioze, kisha akazungushwa kwenye maonyesho kwa miongo mingi mpaka watu wakasahau kuwa aliwahi kuwa mtu. Walimzika 1977. Taylor alisema uso ule ndio uliomzaa Skeletor.

Sadia aliinuka, akamgeuza mtu wa bluu aelekee ukutani.

“Haya, Abdi. Nitajuaje kama mchoro huu ni wa kweli? Huenda ni mtoto tu alimwiga mdoli wake.”

Hapo Abdi alikwama. Anajua bei, anajua tarehe, anajua kiwanda kipi kilitumia rangi ipi. Kuchora hajui. Ikabidi Sadia ajijibu.

Anayenakili huchora alichokiona. He-Man aliyefika dukani ana kichwa wazi na nywele za manjano. Pembe hana. Lakini Abdi mwenyewe alikiri kwamba shujaa wa mwanzo kabisa, kwenye karatasi na kwenye udongo, alivaa kofia yenye pembe, ambazo ziliondolewa njiani. Kwa hiyo usitafute pale ambapo mchoro na mdoli wanafanana. Tafuta kile ambacho mdoli amekipoteza. Halafu kuna bega. Anayenakili hasumbuki na bega, kwa sababu bega liko mbele yake. Anayelifuta na kulirudia ni yule ambaye bega hilo bado halipo popote duniani isipokuwa kichwani mwake. Sadia ameyafanya hayo juu ya kuta za Isiolo tangu akiwa msichana; aliujua uchovu wa kifutio kile.

Kimya kilitanda upande wa Minneapolis. “Namfahamu mtu,” Abdi akasema hatimaye. “Anaweza kukupa pesa ambazo ukoo wetu haujawahi kuzishika mahali pamoja. Nipigie picha ya nyuma. Atataka kuona karatasi.”

Utepe wa gundi ulikuwa umekauka. Sadia aliuinua kwa wembe, kona baada ya kona, akavuta karatasi taratibu kutoka kwenye kadibodi, akaigeuza chini ya mwanga wa simu.

Nyuma palikuwa na tarakimu nyekundu na nyeusi zilizopangwa kwa safu. Ilikuwa kalenda ya dukani. Februari 1978. Jina la duka lilikuwa limechanika, lakini mwisho wa mstari ulibaki mzima: sanduku la posta, na mji.

Isiolo.

Alikaa chini. Robota lilifungwa ng'ambo ya bahari, na soko zima lilishuhudia nyaya zake zikikatwa. Lakini je, kuna hata mmoja aliyeuona mchoro ukitoka ndani yake?

SEHEMU YA PILI

Ilipoishia: Sadia, mchoraji wa mabango, amepewa na mjomba wake mdoli wa mitumba na mchoro usio na jina. Binamu yake aliyeko Marekani anaamini huenda ni mchoro wa awali wa midoli ya He-Man. Nyuma ya karatasi kuna kalenda ya duka la Isiolo ya mwaka 1978. Sasa endelea.

Asubuhi hakuugusa mkebe wa rangi. Aliuviringisha mchoro ndani ya kanga, akamtia Skeletor mkobani, akatoka. Njiani alisalimiana na watu wanne, na nawaomba muwakumbuke: mama wa chai aliyekuwa akikanda unga wa mahamri, maalimu wa madrasa akitoka msikitini, mzee wa maji akipakia madumu juu ya punda, na Abti akitandaza turubai. Abti alimuuliza, “Ulilala?” Sadia akajibu, “Nililala,” ingawa macho yake yalisema mengine.

Aliyekuwa akimwendea ni Mzee Galgalo wa Kambi Garba. Wageni waliopita Isiolo zamani wakielekea kaskazini watawakumbuka vijana wa pale kwenye kizuizi cha polisi: gari likisimama tu, madirisha yote yanajaa mikono yenye bangili za shaba, bangili za aluminiamu, visu vyenye ala za ngozi. Mikono iliyouza ilikuwa mingi. Iliyofua ilikuwa michache, na Galgalo alikuwa mmoja wa wafuaji.

Walisalimiana kwa Kiborana, habari za nyumbani, habari za mvua, habari za mifugo, kisha wakahamia Kiswahili, maana Kiborana cha Sadia hakizidi hapo.

“Mzee, kalenda hii ya duka gani?”

Aliisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. “Duka lilikwisha kufungwa. Mwenyewe alihamia Nanyuki. Kila mwisho wa mwaka alitugawia kalenda, na mwezi ukiisha watoto wanagombania karatasi, maana upande wa pili ni mweupe.” Alimrudishia. “Lakini isikudanganye, binti yangu. Karatasi ya 1978 unaweza kuichorea hata leo.”

Msumari huo ulimwingia. Usiku kucha alikuwa akijiambia 1978 inatangulia 1979, kwamba Isiolo imemtangulia Torak kwa mwaka mzima. Kumbe kalenda huonyesha umri wa karatasi tu. Umri wa wino haujui. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia Abdi. Upanga wa kwenye mchoro ulikuwa umepasuliwa katikati kwa mstari mmoja, kutoka mpini hadi ncha. Mchoro wote ni wino wa bluu. Mstari ule ulikuwa mweusi.

Mwenye kuwajua He-Man na Skeletor ataelewa kwa nini mstari huo ulimkera. Midoli hiyo iliuzwa kila mmoja na nusu yake ya upanga. Ukizikutanisha, unapata upanga mmoja mzima. Mtu aliyechora 1978 angeyajuaje ya 1982? Basi ama mchoro wote ni wa baadaye, ama kuna mtu aliyeurudia akiwa na kalamu nyingine na akili nyingine.

“Geuza nione mbele,” Mzee Galgalo alisema.

Aligeuza. Mzee alicheka kidogo, kicheko cha puani, kisha kidole chake chenye kovu la moto kikatua kwenye paji la uso la shujaa.

“Hiki umekiona?”

“Pembe iliyovunjika.”

“Pembe gani! Hii ni kallacha.”

Sadia alihisi shingo ikimsisimka. Kallacha aliijua kwa picha: pambo la chuma ambalo wazee wa heshima wa Kiborana hulifunga kwenye paji la uso katika siku za ibada na za gada, mfumo wao wa marika. Si kitu cha sokoni. Haliuzwi kizuizini.

“Mchoraji wa Marekani angeitoa wapi?” mzee aliuliza.

Nawajua wasomaji wangu, na ninasikia tayari mtu akipiga meza: wametuibia! Taratibu. Mtu mwenye misuli na upanga hana baba mmoja. Pwani wanaye Fumo Liyongo aliyemalizwa kwa kuchomwa kitovuni, Wajaluo wanaye Lwanda Magere mwenye mwili wa jiwe, na Nairobi hiyo hiyo Frank Odoi, Mghana aliyetuchorea mpaka ajali ya matatu ilipomwondoa mwaka 2012, alimzaa Akokhan bila kumwomba mtu ruhusa. Kijana wa Isiolo angeweza kumchora shujaa wake, na Taylor wa California akamchora wake, bila mmoja kujua kama mwenzake anaishi. Hilo ndilo ninaloliamini mimi. Sadia hakuwa na nafasi ya kuliamini lolote, maana mzee alikuwa ameinuka na kuvuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda cha kamba.

“Mwaka 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji,” alianza, akipekua. “Kabla ya hapo wawindaji walipita hapa na pesa. Wakikununulia kisu, ni kisu cha kweli. Baada ya hapo wakabaki wa kupiga picha. Hao wanataka vitu vidogo, vya kutia mfukoni. Palikuwa na kijana pale kizuizini, hana bangili wala kisu, ana penseli. Anachora wageni wakisubiri kuandikishwa majina. Akaniambia: mzee, nifulie panga ndogo, niwauzie pamoja na picha. Shaba ilikuwa ghali. Nikachimba umbo kwenye mchanga, nikamwaga shaba bila kufunika juu. Unajua inavyotoka?”

Sadia alijua kabla hajaonyeshwa. Shaba ikimwagwa kwenye mchanga ulio wazi, chini hupata nakshi ya umbo, juu hujilaza yenyewe. Hutoka bapa.

Mzee alifungua kitambaa. Upanga wa shaba, mdogo kuliko kidole cha kati na cha pete vikiunganishwa kwa urefu, ulilala kiganjani, upande mmoja umenakshiwa.

“Mimi nilisema umeharibika. Yeye akasema, haujaharibika, ni nusu. Fanya mbili, mteja atanunua zote.”

Sadia alimtoa mtu wa bluu mkobani, akamvua upanga wa zambarau mkononi, akaubandika mgongo kwa mgongo na ule wa shaba. Haukulingana sawasawa. Wa shaba ulizidi kwa upana wa ukucha, na mpini wake ulipinda. Lakini zilishikana, bapa kwa bapa, na ukizishika kwa mbali ungesema ni upanga mmoja.

“Aliuza ngapi?”

“Sijui. Chache. Mgeni mmoja alichukua picha nyingi na panga mbili, akalipa kwa dola. Yule kijana alikuja kunionyesha noti, tukaigeuza geuza, hatukujua ni kiasi gani.”

“Mgeni gani? Alitoka wapi?”

“Binti, wageni wote walitoka mbali.”

“Na kijana? Alikufa?”

Mzee Galgalo alilifunga sanduku, akalisukuma kwa mguu mpaka likagonga ukuta. “Nani amekuambia alikufa? Aliacha kuchora, hilo ndilo alilofanya. Alioa, akaambiwa penseli hailishi watoto. Yuko hapa hapa mjini.” Akamtazama moja kwa moja. “Na asubuhi ya leo umemsalimia.”

Simu ilitetemeka mkobani. Alikuwa Abdi, na sauti yake haikuwa ya mtu aliyeamka vizuri.

“Sadia, mbona umefanya hivi? Nilikuambia usubiri.”

“Nimefanya nini?”

“Yule mnunuzi alimtuma mtu wake kutoka Nairobi usiku, amefika Isiolo asubuhi. Ananiambia amekwisha lipa. Mchoro anao. Amenitumia picha yake, pembe, kallacha sijui nini hiyo, ngao, kila kitu. Kwa nini umeuza bila kuniambia?”

Sadia hakuwa amemtajia neno kallacha. Na mchoro ulikuwa juu ya magoti yake, ndani ya kanga, wino wa bluu na mstari mweusi.

“Abdi,” alisema, “hebu niangalizie hiyo picha. Upanga wa huyo mtu umepasuliwa, au ni mzima?”

“Mzima. Na kwenye kona kuna sahihi.”

“Ya nani?”

Abdi alianza kuisoma, herufi ya kwanza, ya pili, kisha mtandao ukakatika.

ITAENDELEA Jumamosi ijayo. Msomaji, watu wanne waliosalimiwa unawajua. Chagua wako mapema, na usibadilishe.